Ushanga wa Ujiji

Mpendwa Mama Zaituni,

Mpanda hii yote hakuna mwanaume mwenye bahati kunizidi. Nilishuka Ujiji asubuhi, na kabla jua halijakolea nilikuwa nimeshasimama mbele ya nyumba ya bibi yako. Sikumuuliza mtu, miguu yenyewe ilinipeleka. Ukuta mzima, paa zima. Nikainama pale mlangoni kufunga kiatu, nikaokota ushanga wa bluu. Kuna watu wamezeeka Ujiji hawajaokota hata msumari. Mimi siku moja tu.

Hivyo ndivyo nilivyokusimulia, na wateja wangu pale Kashaulili nawasimulia hivyo hivyo, mkasi mkononi. Jana nilimnyoa mzee mmoja wa Sibwesa upande mmoja, nikanogewa na Ujiji, nikamfungua kitambaa. Akajitazama kwenye kioo. "Kinyozi," akasema, "huku bado hujafika." Watu wakacheka sana. Mimi niliwasikia kama redio ya nyumba ya pili.

Arobaini yako imepita na sijalia. Dada yako alikuwa ananichungulia msiba mzima, akingoja. Juzi nimekunywa chai yote, ndipo Zaituni akaja mbio, "Baba, usinywe, nimekosea nimetia chumvi." Kikombe kilikuwa kitupu.

Ujiji yote ninayoijua nimeitoa mdomoni mwako. Ulikuwa unakaa uani kwetu Majengo na ungo wa mchele, unachambua na kusimulia. Mimi na darasa langu la nne nikakutania, bandari gani hiyo, maji yenyewe hayana hata chumvi. Hukuinua macho. "Chumvi ilikuwa inatoka Uvinza, mjinga wewe." Kisha ukanipangia vizuri: mawese yakija kwa mitumbwi, pembe za ndovu, nguo zilizotembea kwa miguu ya watu kutoka Pwani, na shanga ambazo zamani ndizo zilikuwa fedha ya sokoni pale. Halafu watu. Ukifika kwenye watu mkono wako ulikuwa unasimama juu ya ungo.

Maana bibi yako alivushwa ziwa akiwa mtoto, amefungwa kamba, akauzwa hapo hapo Ujiji. Alipoachwa huru hakutaka kwenda kokote. Alisema, "Waliponiuza ndipo nitakapojenga." Akachimba udongo mwenyewe, akafunga fito mwenyewe. Wewe ulizaliwa katika nyumba hiyo. Mvua ikikatika mlikuwa mnatoka watoto wote kuokota shanga za zamani zilizofukuliwa na maji, na ukanifundisha namna ya kuzijua. Unagonga kwenye jino. Ushanga wa kweli ni kioo, unalia. Nikasema basi mimi mwenye pengo biashara hiyo imenipita. Ulicheka mpaka mchele ukamwagika.

Wakati ule watu wa Sibwesa walipokuwa wanahamishiwa vijiji vipya, wakipita mjini kunyoa na kulalamika, wewe ugonjwa ulikuwa umeshakulaza. Ukaniita. "Baba Zaituni, nenda kaniangalizie nyumba ya bibi kama bado imesimama. Nataka kujua tu." Hukuwahi kuniomba kitu kingine, hata kanga nilikuwa nakununulia bila kuombwa. Nikachukua sanduku, nikapanda treni.

Siku ya nne nimerudi, nikakaa kitandani kwako na kumwaga sifa zangu. Ulisikiliza zote. Ukauliza, "Na mlango siku hizi unatazama wapi?"

"Ziwani. Mlango utahamia wapi?"

Ukatabasamu. Nikakupa ushanga. Ukaugonga kwenye jino, ukatega sikio, ukaugonga tena.

"Wa Ujiji huu," ukasema. "Ahsante, mume wangu."

Waliokuosha waliukuta umefungwa kwenye pindo la kanga. Dada yako alinipa. Leo asubuhi nimeugonga kwenye jino langu. Haulii. Ni plastiki, mke wangu, nimeuchukua kwa mchuuzi wa Kashaulili nikitoka stesheni. Na wewe ulijua. Nikakaa nikisubiri kulia, maana niliona sasa ndiyo saa yake. Haikuja. Nikaenda kufungua kibanda.

Safari ile, Kaliua ndipo tulipotakiwa kubadili treni. Ya Kigoma ilikuja, ikasimama, watu wakapanda, ikaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku, mita mbili kutoka mlangoni. Nilifikiri, nikikuta nyumba imebaki kichuguu nitarudi kumwambia nini. Nikalala pale stesheni siku mbili, nikingojea treni ya kurudi.

Zaituni anakusalimu, ameanza kupika ugali unaolika. Pumzika, usinihangaikie. Ila nisikudanganye mara ya pili.

Sikufika Ujiji. Nyumba ya bibi yako sijui kama imesimama.

Mumeo,
Baba Zaituni