Mlio wa Senke Yako

Wani ndugu yangu,

Leo mchana umenijia tena. Nilikuwa nimeegemeza kichwa kwenye cherehani, hapa dukani mtaa wa Hai Cinema, joto limekaza mpaka nzi wenyewe wamechoka kuruka, usingizi ukanichukua. Nikakuona unavuka mto juu ya pikipiki yako, ile senke. Hukupita darajani, ulipita majini, polepole, na maji hayakulowesha hata magurudumu. Ulikuwa umevaa lile koti zito ulilotoka nalo Uganda, lile tulilokuwa tunakucheka, kwamba ni mtu gani anavaa koti la baridi kwenye jua la Juba. Nilikuita. Uligeuka, ukasema kitu, lakini wewe hukuwa na sauti na pikipiki haikuwa na sauti. Nikaamka shavu lina alama ya sare za shule ninazoshona.

Nikaona nikuandikie. Najua barua hii haina posta. Najua pia ungesema Kiswahili changu kimevaa tai, hiki cha masista Wakenya waliotufundisha kule Uganda kwenye kambi ya wakimbizi, wakati chako ulikiokota kwenye steji za bodaboda pale Adjumani na hukuwahi kukipiga pasi. Sema tu, Wani. Siku hizi hakuna anayenicheka, na nimekonda kwa kukosa kuchekwa.

Mji umebadilika. Petroli inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji ya kunywa, akina mama wameketi nyuma ya chupa hizo kama wauza maziwa. Vituoni foleni inazunguka mtaa mzima, watu wanasinzia juu ya pikipiki zao. Waganda wengi wa steji yenu ya Custom wamerudi kwao. Yule Mkenya aliyefunga mwavuli mkubwa juu ya pikipiki yake, mliyemwita Hoteli, naye ameondoka na mwavuli wake. Amebaki Salongo, mwenyekiti wenu, na ndevu zake za baba wa mapacha, kama jina lake linavyosema kwa Kiganda. Anasema Kampala hawezi kurudi kwa sababu mikono yake imeshazoea kuendesha upande wa kulia, na huko wanapita kushoto. Sisi tunajua anakaa kwa sababu anaipenda Juba, ila haya zinamzuia kusema.

Wewe hukuona siku ile ya mapigano ilivyoisha, kwa hiyo acha nikuambie. Yule mama mjamzito uliyembeba ulimfikisha hospitali, na alijifungua salama. Risasi ilikukuta ukirudi, karibu na Buluk, na mpaka leo hakuna anayejua ilitoka upande gani. Wenzako walikuzika siku hiyohiyo, mimi nikiwepo, harakaharaka, kwa sababu barabara zilikuwa zinafungwa. Mama alikuwa amekwama kanisani upande wa pili wa mji pamoja na wanawake wengine. Alipoweza kufika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafunikwa, na senke yako, waliyoirudisha wenzako, imesimama uani bila hata mkwaruzo. Kwa hiyo Mama hakukuzika. Aliambiwa tu.

Wani, nilikuwa nataka kukuficha hili, lakini wewe ni mwanawe. Mama hakukataa kwamba umekufa. Ukimuuliza alisema amefariki, Mungu amrehemu. Lakini saa kumi na moja jioni, saa yako ya kurudi, ikifika, aliweka mlangoni beseni la maji ya kunawa vumbi, akakaa kwenye kiti chake akisikiliza barabara. Unajua jinsi alivyoujua mlio wako. Pikipiki mia zingepita, yeye angeuchagua wako, kwa sababu ya kile kikohozi cha ekzosi ulichokataa kukitengeneza. Nilipomwomba twende makaburini alinijibu bila hasira, "Makaburini kuna nani wangu?" Akawa anakula vijiko viwili vya asida, ugali wetu, na kusukuma sahani. Nguo zake zikaanza kumning'inia. Niliogopa, ndugu yangu. Niliona nitawazika wawili.

Ndiyo maana senke yako haikuwashwa. Niliifunika kwa turubai, nikaiacha. Ningeiwasha vipi? Mama angetoka mbio na beseni lake akanikuta mimi.

Sasa Salongo akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai, halafu akaleta neno la steji. Unaikumbuka ile desturi yenu, wewe ndiye uliyenieleza: mwendeshaji akifa, nafasi yake kwenye laini inabaki wazi, hakuna anayeegesha hapo, mpaka mtu wa nyumba yake ailete pikipiki ikinguruma yenyewe. Haisukumwi, na mgeni haiendeshi. Inazunguka steji mara moja, wenzake wanapiga honi, ndipo marehemu anaachiliwa. Nilikuuliza desturi hiyo ilitoka wapi, ukasema wameileta Waganda. Waganda nao wakaniambia wameikuta Juba.

Salongo akasema, "Kiden, pikipiki ya Wani iko nalala sana. Sisi hapana weza toa yeye kwa laini. Mwanaume kama hakuna, wewe iko."

Nilimwambia nitafikiri. Hakuelewa kwamba sikuwa naogopa macho ya watu, niliogopa masikio ya Mama. Kuendesha najua, ulinifundisha mwenyewe kwenye ile barabara nyekundu ya kambini, wewe nyuma umenishika mabega, unapiga mluzi kila nikikaribia mbuzi. Ulisema pikipiki haiogopwi, inasikilizwa. Saa za alasiri vumbi lilisimama hewani, tukipita ndani yake ilikuwa kana kwamba hatugusi chini. Nikifumba macho bado nausikia mluzi ule mgongoni.

Hata hivyo nilikubali, maana niliona nafasi yako kule Custom. Nilikwenda kununua nyuzi, nikaipita steji. Pikipiki zimejipanga, maua ya plastiki kwenye usukani, redio zinaimba, na katikati pengo, vumbi tupu, kila mtu anazunguka asilikanyage. Nikaona wewe umekwama pale kama Mama alivyokwama kitini.

Nikangoja Jumamosi, siku ambayo Mama huenda kufagia kanisa. Alipotoka tu nikavuta turubai. Nilitia petroli ya chupa, nikasafisha plagi kwa kitambaa, nikapiga kiki mpaka goti likaniuma. Ikakohoa. Wani, nilishika usukani nikasimama tu pale, siwezi kuondoka, machozi yananitoka na pua inatoka. Kisha nikasikiliza, kama ulivyonifundisha, nikaondoka.

Na unajua nilifanya nini? Nilitoka getini nikashika kushoto. Mikono yangu bado ni ya Uganda. Nikawa naenda raha mustarehe, upepo usoni, mji wote umelainika machoni pangu kama kitu cha ndotoni, na mbele yangu likaja lori la maji limenielekea. Nikakukumbuka ulipovuka mpaka wa Nimule mara ya kwanza na pikipiki, ukasahau kuhamia kulia. Madereva wakakuwashia taa na kukupungia mikono, na wewe ukawapungia, ukatusimulia baadaye kwamba watu wa Sudan Kusini ni wakarimu sana. Wani, nusura nami nimpungie dereva wa lori. Dereva alisimama, akatoa kichwa dirishani, akaniambia taratibu kwa Kiarabu, kama anavyoambiwa mtoto, "Yamin, ya binti. Yamin." Nikahamia kulia nikicheka peke yangu. Tangu uondoke sikuwa nimecheka hivyo.

Custom walikuwa wananingoja. Nilizunguka steji mara moja. Walipiga honi zote kwa pamoja, hata wauza nguo wakasimama, na Salongo alivua kofia akaibana kifuani. Nilipomaliza akasema, "Sasa Wani nafika." Kijana mmoja wa Yei akasukuma pikipiki yake polepole mpaka kwenye nafasi yako, akaangalia chini, kana kwamba anaomba ruhusa. Nilimwitikia kwa kichwa.

Nilipanga kuizima kwenye kona na kuisukuma hadi nyumbani kabla Mama hajarudi. Lakini nilikuwa na furaha, Wani, na furaha ilinisahaulisha. Niliingia mtaani kwetu nikinguruma. Mama alikuwa amesharudi, amesimama getini na beseni la maji mikononi.

Aliitazama pikipiki. Akatazama mikono yangu, akapanda na macho mpaka usoni. Nilitaka kuzima, vidole vikakataa. Senke ikakohoa kile kikohozi chako, mara moja, halafu tena. Mama akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande.

Akasema, "Kumbe inakohoa hata kwako."

Akaweka beseni chini. Akaingia ndani, nikabaki getini sijui nimfuate au nisimfuate. Alitoka amevaa kitenge chake cha kanisa na kilemba. Akakaa nyuma yangu upande, miguu pamoja, wanavyokaa mama zetu kule Uganda, akapitisha mkono kiunoni mwangu. Alikuwa mwepesi mno. "Nipeleke," akasema. Sikumuuliza wapi.

Tulikwenda polepole, upande wa kulia kabisa wa barabara. Jua lilikuwa jeupe, miti imetulia, na kwa muda sikujua kama ni mimi ninayeendesha au ni wewe. Makaburini nilimwonyesha mahali. Nyasi zimeota, msalaba wa mbao umeinama kidogo. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo, Mama akaushika.

"Usizime," akasema. "Wacha asikie nimekuja."

Basi nikaiacha. Petroli ilivyo adimu, nikaiacha. Mama akakaa chini kando yako, kiganja juu ya udongo, na senke ikanguruma karibu nasi. Alikuwa anakusimulia mambo kwa sauti ndogo, sikuyasikia na sikutaka kuyasikia, yalikuwa yenu. Ikanguruma mpaka tangi likakauka. Ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza yenyewe. Ndipo Mama akalia. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, kama mtu anavyotakiwa kuliliwa, na mimi nikalia naye. Tulikuzika siku ile, Wani. Tulichelewa, lakini tulikuzika.

Tuliisukuma pikipiki mpaka nyumbani, mimi kwenye usukani, yeye akisaidia nyuma huku akilalamika kwamba ni nzito na kwamba wewe siku zote ulipenda vitu vizito. Jioni alikula asida yote. Akaomba na nyingine.

Salongo anauliza kama nitaingia kwenye laini, mwanamke wa kwanza Custom. Bado nafikiria. Nguo za watu zimerundikana hapa, na cherehani nayo inataka kusikilizwa. Ila Mama nimeshamkubalia: barabara ya Nimule ikitulia, nitampeleka Adjumani kwa dada yake, yeye na mimi na senke.

Sasa pumzika, ndugu yangu. Ukitaka kuja ndotoni njoo, mlango hauna kufuli, lakini usije kwa ajili ya kututazama kama tumelala njaa au tumekwama. Mama yuko nyuma yangu, amenishika kiuno. Sitamwangusha.

Mdogo wako,
Kiden