Oili Mpya ya Lori

Kitale, 14 Juni 2006

Mama Ian, mke wangu huko Kabuchai,

Mimi mzima, lori zima, na Kitale yote inajua dereva ni nani. Juzi nilimfundisha tajiri wangu, Nderitu, kwamba oili ya sinthetiki inakaa kilomita elfu kumi na tano, si elfu tano kama ile ya kawaida. Akasema, "Wakoli, kumbe wewe ni injinia bana." Akainunua.

Lakini si unajua ile siku ya kubadilisha oili hapo Bungoma ndiyo hunipa nafasi ya kulala nyumbani? Nimejifungia mlango mwenyewe. Ukijifungua Julai, lori litakuwa limebakisha kilomita elfu tisa kabla ya kubadilishwa oili tena. Kesho nitamwomba ruhusa, kwa mdomo huu huu uliojisifu.

Ni mimi wako,
Wakoli