Nguzo Nyekundu ya Gatumba

Bujumbura, Jumatano

Mdogo wangu Népomuscène,

Mama hajambo, anakusalimu. Mihogo yake imeota vizuri.

Ile nguzo nyekundu ambayo watafiti waliweka Gatumba kuonyesha mahali maji ya ziwa yatakapofika likifurika ilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama. Nilikuwepo kwa kazi yangu ya redio, nikapima umbali. Leo iko mbele ya nyumba, hatua arobaini kuelekea ziwani, na udongo ilipochimbiwa bado mbichi. Nilimsihi ahame, akacheka: "We mwenyewe ulisema redioni nguzo haidanganyi! Mi siendi."

Kiwanja chako kilicho jirani naye nacho sasa kiko upande salama, na nasikia umepata mnunuzi.

Jumamosi nitasoma redioni vile vipimo vya kwanza, vya siku nguzo ilipowekwa. Njoo kabla ya hapo, umwambie Mama ni nani aliyeihamisha.

Kaka yako,
Jérémie