Kidude Chako Kimeamka

Kwako binti yangu mkaidi,

Mimi mzima, mama yako mzima, na kile kidude ulichonitumia cha kutafutia samaki, kinachoongea na simu bila waya, nacho ni kizima. Usicheke kwanza.

Nilikuambia umeuziwa kopo bovu, nikakukatia simu. Kumbe nilikuwa nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni, mafundo matatu, kisilowe! Jana mama yako akasoma karatasi ya ndani ya boksi, akakitoa mfukoni, akakitupa ziwani. Kikaelea, kikawaka taa palepale.

"Mzee, hiki huamka kikilowa!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Hata hivyo, mfuko haukuingia tone. Nani mwingine hapa anafunga hivyo?

Samaki wanatokea kwenye simu kama vijistari. Mimi sivioni vizuri. Macho yamepungua, usimwambie mtu. Basi mama yako, aliyekataa mtumbwi miaka arobaini, anakaa mbele, kanigeukia, ananisomea: "Kushoto, mzee! Kushoto kwako, si kwangu!" Leo tumejaza ndoo mbili.

Niliapa sitakupigia tena, na mimi sivunji kiapo. Lakini wewe hukuapa. Piga. Simu iko mapajani.

Baba yako, bingwa wa ziwa zima