Panya na vikopo vya karatasi

Kru, kru, kru. Yusta, alfajiri umeme umekatika, nasikia kitu kinatafuna uvunguni. Panya! Anakula vikopo vyetu vya karatasi vya mafuta ya midomo, vile vya oda ya duka la hoteli kule Mikumi!

Anafuata gundi, shoga. Ule uji wa muhogo aliotufundisha mtaalamu Makarius. Si nilimuuliza kwenye semina hapa Kilosa, "Na panya je?" Akanicheka mbele ya kikundi kizima: "Dada, panya hali ubunifu."

Hali ubunifu! Mjinga kavaa tai.

Basi nimepeleka vilivyobaki, namkuta na yeye yuko pale dukani. Jackline, yule dada mnunuzi, akaona matobo. Unajua Makarius alisema nini, mimi nimesimama palepale? "Hawa akina mama usafi bado, ndiyo maana wana panya. Vya kwangu ni gundi hiyohiyo, na havina hata tobo moja."

Usafi bado! Yusta, mimi wa kuambiwa hivyo!

Kumbe anaitaka oda yetu. Akaanza kuhubiri eti tembo wanakufa kwa plastiki, eti yeye nyumbani kwake plastiki haiingii. Jackline anaitikia tu kwa kichwa. Nikaona oda inaondoka hivi hivi.

Makarius akafungua begi kutoa vya kwake. Mwanangu Marciana, niliyekwenda naye, si unamjua kwa kuchungulia, akasema kwa sauti:

"Mama, vya anko vimefungwa kwenye nailoni."