Hamira Yangu Haitaki Barafu

“Hamira ya Mbagala kazi yake vitumbua. Kwa joto hili la Dar, ya kutengenezea mafuta ya magari lazima tuagize Ulaya, pamoja na mitambo ya kuipoza.”

Injinia wa kiwanda cha spiriti alisema hivyo kikaoni nilipowapelekea hamira yangu, na wenzake wakaitikia kwa vichwa kama mijusi ukutani. Soko huria limetufundisha kuagiza hata kinachoota uani.

Jumatano. Joto, umeme umekatika, na mie nina hasira.

Hamira hula sukari ya molasi, yale masalia mazito meusi ya miwa, ikatoa spiriti ya kuchanganyia petroli. Kweli, nyingi hufa kwa joto, au kwa ukali wa spiriti yake yenyewe. Ndiyo maana yangu niliitesa. Niliweka ndoo chini ya bati, juani. Zilizonyamaza nilizimwaga. Iliyoendelea kutoa povu nilichukua mashapo yake, nikayapa molasi nzito zaidi na joto kali zaidi. Msimu baada ya msimu.

Kesho injinia anakuja kuijaribu. Ikishindwa, anasaini kuagiza.

Leo nimerudi kutoka kufundisha, nikakuta ndoo zote zinang'aa.

“Wifi, utapokeaje wageni chumba kinanuka kilabu?” Zuhura, dada wa mume wangu, kashika kiuno. “Nimemwaga uchafu wote chooni, nikakusugulia kwa majivu. Hata asante hakuna?”

Nikainusa ndoo moja baada ya nyingine: majivu matupu.

Kisha nikamkumbuka Mama Semeni, jirani anayeuza vitumbua. Niliwahi kumpa kikombe cha hamira ile, na yeye kila siku hubakiza bakulini rojo kidogo la kuumulia unga wa kesho. Nikakimbia.

“Mwalimu, hamira yako ina kiburi kama mwenyewe,” alicheka. “Juani inaumuka, kivulini inaumuka.” Aliponitazama vizuri akaacha kucheka, akanigawia nusu ya rojo lake.

Sasa imo kwenye molasi, chini ya bati. Imedekezwa kwa mchele na nazi muda mrefu. Bado inaijua shida?

Sijui. Nimeinamia ndoo mpaka Zuhura ananiogopa. Povu bado.

Injinia, nawe na wenzako mlioitikia: njooni mchana, jua likiwa utosini, na barafu yenu iacheni kiwandani. Ndiyo, imetoka kwenye vitumbua. Ijaribuni hivyo hivyo, mbele ya Mama Semeni, ndipo mshike kalamu.