Mayai ya Bi Mkubwa

Jumapili, 3 Novemba

Nimemaliza kujaza maji dimbwi la banda la tatu. Maduhu bado yuko kwenye wavu, anabana nyaya zilizolegea kwa koleo. Shati amelitundika mtini. Mgongo ule! Miezi mitatu ya ndoa na bado nikimwona akifanya kazi nasahau nilichotumwa. Mume wangu. Naandika tena: mume wangu.

Mabanda ni manne, nyuma ya nyumba, wavu pande zote na juu. Chini kuna msingi wa tofali ili chatu wasipenye. Kila banda lina dimbwi, gogo na pango la udongo kama kichuguu. Wageni wanaokwenda mbugani wanasimama hapa Sitalike kuwaangalia. Marehemu baba mkwe alicheza ngoma na chatu shingoni, kama Wasukuma wa kundi lake walivyozoea. Maduhu hachezi. Anafuga.

Kibali kinataka tuzalishe wenyewe, tusichukue wa porini. Huu ndio mwaka wa mwisho wa kuthibitisha. Watoto wasipopatikana, chatu wote wanarudishwa porini na Maduhu anarudi Kabungu kuchunga ng'ombe wa kaka yake.

Lakini watapatikana! Bi Mkubwa, chatu wetu jike, ametaga. Mayai thelathini na moja, amejiviringisha juu yake kama ngata.

Jumanne, 5 Novemba

Sokoni. Mama muuza dagaa hanichoki.

"Shemeji, mke mwenzio hajambo?"

"Hajambo. Amejifungua."

"We! Watoto wamefanana na nani?"

"Na wewe."

Soko zima likacheka. Kweli jina hilo nimempa mimi. Nilimkuta kwa Maduhu, kanitangulia miaka minne, ni mrefu kuliko mlango wetu. Lazima awe Bi Mkubwa.

Maduhu amenieleza. Chatu akiatamia hali chochote. Asubuhi anatoka kuota jua, akishapata moto anarudi kuwapa mayai joto lake. Siku nyingine anatetemeka mwili mzima ili apate joto. Nimelia. Mapenzi gani hayo! Ila amekonda. Mbavu zinahesabika.

Alhamisi, 7 Novemba

Maduhu ameenda Mpanda, kwa bwana nyamapori, afisa wa kibali, na kununua wavu. Atalala siku mbili. Nimevaa shati lake tangu asubuhi.

Nimekaa na Bi Mkubwa kwa muda. Ananitazama tu. Kwetu Upimbwe mzazi hapitishi siku tatu bila kuletewa kuku. Hutangazi. Unamwingiza kuku mzima chumbani kwa mzazi, unaondoka. Dada yangu aliletewa sita. Huyu mwenzangu ana watoto thelathini na moja na hajaletewa hata bawa.

Jioni nimempelekea jogoo wangu mwekundu, niliyepewa siku ya harusi. Nimefungua kidirisha cha chini, nikamsukumia ndani. Nimejisikia vizuri sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeharibu.

Asubuhi jogoo alikuwa mzima. Alikuwa ndani ya pango, anakwaruza majani na kudonoa. Mayai mawili yamepasuka. Bi Mkubwa alikuwa amejikunjua mwili mzima, yumo dimbwini, kichwa tu nje. Nimemtoa jogoo kwa ufagio. Nikasubiri arudi kwenye mayai.

Saa mbili hakurudi. Saa nne hakurudi. Saa sita mvua ikaanza, ile ya baridi yenye upepo.

Nimempigia.

"Nimeharibu, Maduhu." Nikamweleza yote bila kuficha.

Akauliza: "Jogoo?"

"Jogoo."

"Nani anampa chatu anayeatamia jogoo?"

"Ni mzazi," nikasema. Hata mimi nilijisikia mjinga.

"Usiguse kitu. Nakuja kesho."

Kesho! Niliingiza mkono kwa kidirisha cha pangoni. Mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Kesho ingekuwa msiba.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga. Mama yangu akivundika mbegu, analoweka siku mbili, anatia kwenye gunia, anafukia kwa pumba na majani ya mgomba. Kila asubuhi mtu anaingiza mkono. Moto ukizidi, unafunua. Ukipungua, unafunika. Tangu nina miaka minane mkono huo ni wangu. Sijawahi kuunguza gunia hata moja.

Nimemwita mama mkwe. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akayaangalia manyoya mekundu mlangoni mwa banda, akaniangalia mimi.

"Mkamwana, umempelekea mzazi kuku?"

"Ndiyo, mama."

"Na pilipili ulimtilia?"

Akachukua ile fimbo ndefu yenye panda mbele, akajifunga kanga kiunoni. "Mimi namzuia dimbwini. Wewe ingia. Ukichelewa nafunga mlango nakuacha naye, mtajuana wake wenza."

Nimeingia. Mayai yameshikana fundo moja, laini kama ngozi. Nimeyatia alama za mkaa upande wa juu, maana Maduhu huwa anasema yai la chatu likigeuzwa mtoto anazama. Nimelinyanyua fundo zima juu ya ungo. Bi Mkubwa aliinua kichwa mara moja. Mama mkwe akamwambia jambo kwa Kisukuma, naye akakishusha.

Ishirini na tisa. Yamo kwenye nusu pipa, pumba za mpunga chini na juu, nimezinyunyizia maji ya uvuguvugu, gunia bichi juu yake. Pipa liko jikoni, nyuma ya ukuta wa mafiga.



Jumamosi, 9 Novemba

Amefika saa tano. Hakunisalimia. Alikwenda bandani, akaja jikoni, akafunua gunia, akafunika.

"Nilikwambia usiguse."

"Yangekufa."

"Labda yameshakufa. Umeyahamisha kwenye ungo, Tina. Kwenye ungo!"

Ametoka. Ugomvi wetu wa kwanza. Nimemchukia karibu saa nzima. Halafu nimemwona amechuchumaa mbele ya banda la Bi Mkubwa, mikono kichwani, nikashindwa kuendelea.

Kosa la jogoo ni langu, nalikubali. La kuyahamisha silikubali. Nilifanya sawa.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku tano ananijibu "ndiyo" na "hapana". Nimekonda kama Bi Mkubwa.

Ila nimegundua kitu. Anachomeka kipimajoto kwenye pumba kwa siri, mara tatu kwa siku. Leo mchana nimemfuma. Nikaingiza mkono kabla hajakisoma.

"Thelathini na moja. Pengine na kidogo."

Akakitoa, akakitazama muda mrefu. Thelathini na moja na nusu.

"Umechungulia."

"Basi kifiche, nipime tena."

Jioni nimesema thelathini. Ikawa thelathini. Akakifuta kwenye suruali na kukirudisha kwenye kasha lake.

"Mama yako alikufundisha hivi?"

"Kwa mpunga."

"Kwa mpunga," akarudia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Nimeukosa mno mcheko huo! Amenishika mkono huohuo wenye pumba, akaubusu. Mama mkwe aliingia akatoka. Sijali. Sina mwingine duniani ninayemtaka.

Jumapili, 1 Desemba

Mayai manne yameoza. Tumeyabandua taratibu kwa uzi wa kushonea. Yamebaki ishirini na matano.

Ijumaa alikuja bwana nyamapori. Kofia, daftari, viatu vinang'aa. Alitegemea kuona kitu kikubwa. Nikamwonyesha pipa.

"Haya ni mayai au viazi?"

"Ni wajukuu zangu," mama mkwe akasema. "Vua kofia."

Akaivua! Maduhu akawasha tochi ya simu, akaiweka ubavuni mwa yai moja. Mishipa myekundu, myembamba, imetandaa kama mito kwenye ramani. Katikati kivuli. Kivuli kikajivuta.

Bwana nyamapori akafunga daftari. "Kwenye kibali siandiki mishipa, naandika nyoka. Tarehe kumi Januari narudi. Nisipoona nyoka, nakuja na gari la kuwabeba hao wakubwa."

Bi Mkubwa ameanza kula. Sungura wawili, kimya kimya. Nimemwomba radhi kupitia wavu.

Alhamisi, 26 Desemba

Krismasi nzuri. Nilivaa gauni la kijani, Maduhu akasema watu kanisani wameshindwa kufuata misa kwa sababu yangu. Mwongo mtamu. Nimewaombea chatu. Padri sijamwambia.

Leo mayai yamebonyea. Yote, kama mpira uliotoka upepo. Maduhu ametafuna ukucha mpaka damu. Anasema huenda yanakauka. Nimenyunyiza maji kidogo pembeni, nimeingiza mkono. Joto ni zuri. Pumba zinanukia ardhi ya baada ya mvua. Hazinukii uozo. Kilichokufa nakijua kwa pua.

"Una uhakika gani?" ameuliza.

"Mkono."

Akafunika gunia.

Jumanne, 7 Januari

Bado. Siku tatu zimebaki. Kaka yake amepiga simu kutoka Kabungu kuuliza kama amwekee fimbo ya kuchungia. Alitania. Maduhu hakucheka.

Nina hofu. Nimeiandika, basi. Sasa naenda kuchochea moto.

Alhamisi, 9 Januari

Saa nne asubuhi nilifunua gunia. Yai la pembeni lina mkato, mwembamba, kama umepita wembe. Kwenye mkato kuna pua.

Nimemwita Maduhu kwa mkono, sikutoa sauti. Alitaka kuupanua mkato. Nimemzuia. Tumegeuza ndoo mbili tukakaa.

Mchana mikato tisa. Jioni hii kumi na nne. Hawatoki. Wanatoa kichwa, wanapumua, wanalamba hewa kwa ulimi mweusi, wanarudi ndani. Maduhu anasema wanaweza kukaa hivyo siku nzima, wanamalizia kiini. Mama mkwe ameleta ugali na kuula hapohapo, mlangoni.

Bwana nyamapori ni kesho. Maduhu amesinzia, kichwa kimeegemea pipa, pumba kwenye nywele. Mvua imeacha. Mmoja ametoa kichwa tena, ameliangalia jiko letu, mafiga, sufuria, mimi.

Karudi ndani. Sina haraka naye.